Pointi kidogo ku lisansi: namna ya kuomba masta ya biashara kutoka Butembo na Beni

Kila mara juri zinapotangaza matokeo, swali moja linarudi ku kipindi na ku simu za wasikilizaji: "Nilimaliza lisansi, lakini pointi ni kidogo. Je, naweza bado kuomba MBA, ao niache?" Wengine wanauliza kwa sauti ya chini, sawa vile 54% ni kosa la kupelekwa mbele ya tribinali. Wengine walishaweka diplomu ndani ya sanduku na hawataki tena kuiangalia.

Jibu fupi ni hili: mulango haujafungwa, lakini si kila mulango uko wazi, na ile iliyo wazi inaomba karatasi zaidi na subira zaidi. Ukurasa huu unaeleza pointi zetu zinasomwa namna gani ku vyuo vya hapa na vya majirani, nini kinaweza kusaidia mutu mwenye pointi za chini, na mitego gani inameza feza za wazazi. Tunasema zaidi juu ya Uganda, kwa sababu ndiyo njia ya karibu: kutoka Beni unashuka Kasindi, unavuka Mpondwe, na barabara ya Kasese inakupeleka Kampala.

Pointi "kidogo" ni zipi?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Ndani ya mfumo wa zamani, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi. Matokeo yalitolewa kwa asilimia. Kuanzia 50% ulipata "Satisfaction", kuanzia 70% "Distinction", kuanzia 80% "Grande distinction", na kuanzia 90% "La plus grande distinction". Kila mutu aliyesoma hapa anajua namna gani 70% ni ngumu kupata. Kuna promosio nzima zilizomaliza bila Distinction hata moja.

Mfumo mupya, LMD, ulienea ndani ya vyuo vya Congo tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022. Sasa lisansi ni miaka 3 na kredi 180, masta ni miaka 2 na kredi 120. Kozi inahesabiwa juu ya 20, na 10/20 ndiyo inapitisha.

Kwa hiyo "pointi kidogo" kwetu ni nini? Hapa nyumbani, mutu wa 58% amepita vizuri, hakuna anayemucheka. Shida inaanza wakati karatasi ileile inafika ku meza ya mutu asiyejua desturi yetu.

Asilimia inapovuka mupaka

Uganda wanatumia kipimo kingine. Ku kipimo kinachojulikana sana kule, kile cha Makerere, kozi ya 80% na zaidi inapewa 5.0. Kozi ya 70% hadi karibu 75% inapewa 4.0. Ya 60% hadi karibu 65% inapewa 3.0. Ya 55% hadi karibu 60% inapewa 2.5, na ya 50% hadi karibu 55% inapewa 2.0. Kisha wanatafuta wastani. Kuanzia 4.40 ni daraja la kwanza, kuanzia 3.60 ni daraja la pili la juu, kuanzia 2.80 ni daraja la pili la chini. Kati ya 2.00 na 2.79 ni "Pass" tu, ni kusema umepita lakini bila heshima.

Tufanye hesabu pamoja. Mwanafunzi wa Butembo aliyepata 14/20 ku kila kozi, ni kusema 70%, hapa tunamupigia makofi: Distinction. Kule anapewa 4.0, daraja la pili la juu. Mwenye 12/20 ku kila kozi anapewa 3.0, daraja la pili la chini. Mwenye 11/20 ku kila kozi anapewa 2.5, na hiyo ni "Pass". Kwetu, kati ya 11 na 12 hakuna tofauti kubwa, wote wawili wana "Satisfaction". Kule, tofauti hiyo njo inaamua kama dosie inaendelea ao inabaki, kwa sababu vyuo vingi vya Uganda vinaomba angalau daraja la pili la chini kwa kuingia masta.

Lakini chuo cha Kampala hakilazimishwi kugeuza pointi zako kama mashine. Anayesoma dosie anaweza kuelewa kwamba Congo haitoi 80% kwa urahisi, lakini lazima mutu amwambie, na mutu huyo ni wewe.

Omba vitu viwili ku fakulte yako. Cha kwanza ni barua fupi inayoeleza kipimo cha chuo: Satisfaction inaanza wapi, Distinction wapi, na ni wangapi walipata Distinction ndani ya promosio yako. Cha pili ni nafasi yako kati ya wenzako. Kama ulikuwa na 59% lakini ulikuwa wa 6 kati ya wanafunzi 74, hiyo nafasi inasema mengi kuliko ile 59%. Barua iwe na karatasi ya chuo, muhuri, na sahihi ya doyeni ao ya sekreteri wa mambo ya masomo. Watu wengi hawaiombi kwa sababu hawajui kama wana haki ya kuiomba.

Uganda kuna pia NCHE, baraza la kitaifa la elimu ya juu, ambalo linasema diplomu ya kigeni inalingana na nini ndani ya mfumo wao. Chuo kinaweza kukutuma kule kwanza. Kama una gradua peke yake, ya miaka 3 ya zamani, usiende ukisema ni digrii kamili. Uliza mbele, kwa maandishi, namna gani wanaihesabu.

Wanaangalia nini zaidi ya pointi?

Shule ya biashara si sawa na fakulte ya hesabu. MBA ilibuniwa kwa watu wanaoongoza ao watakaoongoza kazi. Ndiyo maana shule nyingi zinaangalia mambo matano: pointi, kazi uliyofanya, mutihani wa kuingia kama wanauomba, barua za watu wanaokujua, na maelezo yako mwenyewe. Pointi za lisansi ndizo peke yake huwezi tena kubadilisha. Zile ine zingine ziko bado mikononi mwako.

Tena, wanasoma karatasi ya pointi kwa makini kuliko tunavyofikiri. Tuseme mwanafunzi alipata 51% mwaka wa kwanza, kisha 55%, 61%, 64%, na 66% ku mwaka wa mwisho. Wastani wake ni 59.4%. Lakini miaka miwili ya mwisho inatoa 65%. Huyu ni mutu anayepanda. Mwingine alianza na 66% akamaliza na 51%: wastani unaweza kuwa uleule, lakini wanaosoma dosie watauliza kilichotokea. Kama wewe ni wa kundi la kwanza, sema wazi ndani ya barua yako, na uandike hizo hesabu mwenyewe.

Wanatafuta pia kozi zenye hesabu: takwimu, hesabu za biashara, uhasibu, feza. Mwenye 55% kwa jumla lakini 14/20 ku takwimu na 15/20 ku uhasibu ana kitu cha kuonyesha.

Njia tano kwa mwenye pointi za chini

Njia ya kwanza: masta hapahapa. Butembo kuna Université Catholique du Graben, UCG, iliyoanzishwa mwaka 1989 na Musenyeri Emmanuel Kataliko, yenye fakulte ya ekonomi na usimamizi. Kuna pia Université de l'Assomption au Congo. Lukanga, ndani ya teritwari ya Lubero, kuna chuo cha Waadventisti, na Beni kuna UCBC, chuo kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Faida ya hapa nyumbani ni kwamba hakuna anayehitaji kufasiriwa 58% ni nini. Lakini mbele ya kulipa, uliza maswali mawili: je, masta hiyo imeruhusiwa na wizara ya ESU? Na promosio imefunguliwa kweli, ama bado wanakusanya majina? Kama una lisansi ya zamani ya miaka 5, uliza pia kama unaanza masta mwaka wa kwanza ao wanakuhesabia kitu.

Njia ya pili: diploma ya uzamili, ile Waganda wanaita PGD. Ni masomo ya karibu mwaka moja, nyuma ya digrii. Kwa mutu wa "Pass", vyuo vingi vya Uganda vinaikubali kama ngazi: unasoma PGD, unapata pointi nzuri, kisha unaomba masta. Uganda Management Institute ya Kampala inajulikana kwa masomo ya namna hii kwa watu wanaofanya kazi. Makerere University Business School, MUBS, iliyoko Nakawa, Kampala, tangu mwaka 1997, ni jina lingine la kuuliza. Ubaya wa njia hii ni mwaka moja zaidi na feza za mwaka moja zaidi. Uzuri wake ni kwamba pointi mupya zinasimama mbele ya pointi za zamani, na ziko ndani ya kipimo ambacho wao wenyewe wanaelewa.

Njia ya tatu: miaka ya kazi. Ku vyuo vingi vya Kenya na Uganda, mwenye daraja la chini anaweza kusikilizwa kama ameleta miaka miwili ao zaidi ya kazi inayoendana na masomo. MBA za watu wakubwa wa kazi zinaangalia kazi zaidi ya lisansi. Hapa vijana wa Butembo wana mali ambayo hawaihesabu. Muji huu unaishi kwa biashara. Kuna watoto walioanza kusimamia depo ya wazazi wakiwa na miaka 17, wanaojua bei ya dolari asubuhi na jioni, wanaofuata kontena kutoka Mombasa hadi Kasindi. Beni kuna wale wanaopima kakao na kahawa, wanaojua kilo ngapi zinapotea wakati wa kukausha. Hiyo ni kazi ya kweli. Kinachokosekana ni karatasi, na tutarudia jambo hilo chini.

Njia ya ine: mutihani wa kimataifa. GMAT ya sasa inachukua saa 2 na dakika 15, ina sehemu tatu: hesabu, lugha, na kusoma takwimu. Pointi zake zinaanzia 205 hadi 805 na zinabaki miaka 5. GRE ni mutihani mwingine unaokubaliwa na shule nyingi za biashara. Yote miwili inafanywa kwa Kiingereza na inapita dolari 200 kila mara. Kwa wale wanaotazama Ufaransa, kuna TAGE MAGE, kwa Kifaransa, yenye maswali 90 na pointi 600. Mutihani kama huu unasema: "Lisansi yangu ilikuwa ya chini, lakini angalieni akili yangu ya leo." Lakini usilipe mbele ya kujua kama shule unayoiomba inauhitaji. Shule nyingi za ukanda wetu haziuombi, ama zina mutihani wao wenyewe. Kufanya GMAT kwa ajili ya chuo kisichoiangalia ni kutupa feza.

Njia ya tano: kozi ndogo za kuonyesha kwamba umebadilika. Uhasibu wa kompyuta, takwimu, Kiingereza cha biashara, kozi za intaneti zenye mutihani na cheti. Cheti kimoja hakifuti 52%. Lakini kama ulianguka takwimu mwaka wa pili, na sasa unaleta 15/20 ya takwimu kutoka mahali panapojulikana, umejibu swali mbele halijaulizwa.

Kueleza bila kulia

Ku mikoa mingine, mwanafunzi mwenye pointi mbaya anatafuta sababu. Hapa kwetu sababu zinajulikana na dunia nzima. Mauaji ya raia upande wa Beni yaliongezeka tangu Oktoba 2014. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, ikaendelea hadi tarehe 25 Juni 2020, na ikaua watu zaidi ya 2,200. Butembo na Katwa walikuwa katikati ya moto ule. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa hapa Butembo, ndani ya kliniki za chuo kikuu. Kisha Covid ikafunga masomo kuanzia Machi 2020 hadi Agosti. Tangu Mei 2021 mukoa uko chini ya utawala wa kijeshi. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa AFC/M23, na uongozi wa mukoa ukahamia Beni. Mutu aliyesoma ndani ya miaka hiyo akamaliza, amefanya jambo.

Lakini kuna namna ya kusema. Wasomaji wa dosie wanapokea barua nyingi zenye machozi. Wanachotafuta ni mambo matatu: nini kilitokea na lini, kiligusa masomo yako namna gani, na nini kimebadilika tangu hapo. Sentensi ine ao tano zinatosha. Tuweke mufano wa kubuni, wa binti wa Bulengera:

"Mwaka wa masomo wa 2018-2019 nilipata 52%. Masomo yalikatika mara nyingi kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, na asubuhi nilikuwa nikiuza ku duka la mama ili kulipa masomo. Miaka miwili iliyofuata nilipata 61% na 64%. Tangu 2022 ninasimamia duka hilo lenye wafanyakazi watatu, na mwaka jana nilimaliza kozi ya takwimu kwa 15/20."

Angalia: hakuna mahali anaomba huruma. Anatoa mwaka, anatoa namba, anaonyesha kwamba alisimama tena. Lililo baya ni kuandika: "Profesa alinichukia." Hata kama ni kweli, msomaji wa mbali hawezi kuipima, na atabaki na wasiwasi juu yako. Na kama sababu yako ya kweli ni kwamba mwaka wa kwanza ulikuwa kijana, ulicheza, ukaamka kwa kuchelewa, iseme pia kwa ufupi. Usikope Ebola ya wengine. Tarehe za karatasi zako zitakuumbua.

Kugeuza kazi ya duka kuwa karatasi

"Nilifanya kazi ku depo ya baba mukubwa" ni neno tu, hadi liwe na ushahidi. Angalia unaweza kukusanya nini:

Kama duka lina RCCM, namba ya kitambulisho cha kitaifa ao patenti, piga kopi. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na RCCM inaeleweka ku nchi nyingi. Mwenye duka akuandikie cheti cha kazi: ulianza lini, ulifanya nini, watu wangapi walikuwa chini yako. Karatasi za koperative ya akiba ao za benki zinaweza kuonyesha mzunguko wa feza. Daftari la mauzo, fakture, karatasi za forodha za Kasindi, hata kama ni za miezi michache, zinasaidia.

Kisha andika kazi yako kwa namba. Badala ya "nilisaidia ku biashara ya familia", andika: "Nilisimamia stoki ya simenti na mabati, wafanyakazi watatu, na nilifuata maagizo kutoka Kampala mara mbili kwa mwezi." Kama unaogopa kutoa namba ya feza kwa sababu ya kodi ao wezi, eleza kwa idadi ya mizigo ao ya wateja.

Kwa barua za ushuhuda, usikimbilie mubunge ao mukubwa wa jeshi eti jina lake ni zito. Mutu asiyekujua anaandika maneno matupu. Profesa aliyesimamia memwari yako, ama mukubwa wa kazi aliyekuona ukihesabu stoki saa mbili za usiku, anaweza kusema jambo moja la kweli ambalo hakuna mwingine analijua.

Lugha, karatasi na feza

Kwa Uganda na Kenya, Kiingereza ni lazima. Chuo kinaweza kukuomba mutihani wa lugha ama kozi ya miezi kadhaa mbele ya kuanza. Usiichukue kama azabu. Mwenye pointi za chini akianza masta bila kuelewa lugha, ataongeza pointi za chini juu ya pointi za chini.

Dosie ya kawaida ina: diplomu ya serikali ya sekondari, diplomu ya lisansi ao cheti cha kumaliza, karatasi za pointi za miaka yote, tafsiri iliyofanywa na mutafsiri aliyeapishwa, pasipoti, CV, barua mbili ao tatu za ushuhuda, na barua yako ya maelezo. Anza na karatasi za pointi, kwa sababu ndizo zinachelewa. Kama bado una deni ku chuo, lipa kwanza, maana bila hiyo mara nyingi hawatoi karatasi. Waliosoma Goma ama mahali pengine palipofungwa na vita waandikie chuo chao kwa barua pepe na waombe jibu la maandishi. Hilo jibu lenyewe, hata kama linasema "tunachelewa", linaweza kuwekwa ndani ya dosie.

Juu ya feza: Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki rasmi mwezi Julai 2022. Kuna vyuo vya ukanda vinavyotoza mwanafunzi wa jumuiya bei ya mwenyeji, na vingine bado vinamuweka kati ya wageni. Tofauti inaweza kuwa kubwa sana. Uliza kwa maandishi: "Mimi ni raia wa Congo, nchi ya jumuiya. Ni bei gani itanihusu?" Hesabu pia nyumba, chakula, usafiri, na kibali cha mwanafunzi. Juu ya bursi, tuseme ukweli: nyingi zinatazama pointi kwanza. Mwenye 54% asijenge mpango wake wote juu ya bursi. Nyuma ya PGD yenye pointi nzuri, hapo mazungumuzo yanabadilika.

Mitego

Mutego wa kwanza ni komisioneri. Anasema ana "mutu wake" ndani ya chuo, anaomba dolari 300, kisha 200 za "kusukuma dosie", kisha simu inazimika. Chuo cha kweli kina akaunti ya benki kwa jina la chuo, kinatoa resi, na kinajibu barua pepe ya chuo. Feza ya dosie hailipwi ku mobile money ya mutu binafsi.

Mutego wa pili ni mubaya zaidi: kugeuza pointi. Kuna wanaojitolea kutengeneza karatasi ambapo 54 inakuwa 64. Vyuo vinaandikia chuo ulikotoka kuuliza. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, hata nyuma ya miaka, masta inaweza kuondolewa na jina linabaki na doa. Isitoshe ni kosa mbele ya sheria. Mwenye 54% ya kweli anaweza kuomba tena kesho. Mwenye 64% ya uongo ataishi akiogopa barua moja.

Mutego wa tatu ni chuo kisichotambuliwa. Kama wanakubali kila mutu, bila karatasi, ndani ya siku moja, jiulize diplomu yao itapokelewa na nani. Angalia kama jina lake liko kati ya vyuo vinavyotambuliwa na NCHE kwa Uganda, ama CUE kwa Kenya.

Mutego wa ine uko ndani yetu: kufikiri MBA itafanya kila kitu. Kama ndoto yako ni kuwa asista ku chuo kikuu hapa Congo, fahamu kwamba kwa kawaida wanaomba Distinction, na MBA haifuti hesabu hiyo yenyewe. Kama ndoto yako ni kukuza biashara, piga hesabu ya kweli: feza za miaka miwili ya Kampala zingefanya nini kama zingeingia ndani ya duka? Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo wanaoagiza mizigo Guangzhou na Dubai, wengi wao hawakupita ku MBA. Kwa upande mwingine, anayetafuta kazi ya benki, ya shirika kubwa, ama anayetaka kutoa biashara ya familia ku daftari na kuiweka ndani ya kampuni yenye sheria, masomo hayo yanaweza kumulipa. Jambo hili lizungumuzwe na wazazi mbele ya kuuza shamba la kakao, si nyuma.

Mpango wa mwaka moja

Ku vyuo vingi vya Uganda masomo ya masta yanaanza karibu na mwezi wa Agosti. Ukitaka kuwa tayari, rudi nyuma miezi 12. Miezi mitatu ya kwanza: toa karatasi zote za pointi, barua ya kipimo na nafasi yako ndani ya promosio, na anza Kiingereza. Miezi mitatu ya pili: fanya kozi moja ya takwimu ao uhasibu yenye mutihani, na kusanya ushahidi wa kazi. Miezi mitatu ya tatu: andikia vyuo vitatu, kimoja cha hapa, kimoja chenye PGD, na kimoja cha masta moja kwa moja. Uliza kila kimoja swali lilelile: "Nina lisansi ya Congo yenye asilimia hii. Je, munanisoma namna gani?" Weka majibu yote. Miezi ya mwisho ni ya kutuma, kulipa ku benki, na kungoja.

Na kama jibu ni hapana, andika tena kuuliza kwa heshima nini kilikosekana. Si wote watajibu. Lakini kama chuo kimoja kitakuandikia kwamba PGD ingetosha, ama kwamba miaka miwili ya kazi inakosa cheti, hapo unajua mwaka ujao uanzie wapi.